Mgeni na Akiba Yake

Huenda katika nyumba unayopanga yupo mgeni kutoka nchi nyingine, fundi au mwalimu. Au pengine mgeni ni mwanao mwenyewe, aliyekwenda kutafuta kazi Muscat au Hamburg. Umepata kumwuliza mshahara wake anauweka wapi? Aghalabu hujibu, "Nimemwachia rafiki, yeye anayo akaunti."

Jibu hilo ni la zamani sana mjini Tabora. Katika karne ya 19 msafiri aliyetoka pwani hakukuta benki hapo. Fedha yake ilikuwa marobota ya merekani, shanga na nyaya, zikibebwa mabegani na wapagazi. Burton na Speke walipoingia Kaze, Novemba 1857, walikuwa na barua ya Sultani wa Unguja ya kuwatambulisha kwa mfanya biashara wa Kihindi, Musa Mzuri. Mwenyewe hakuwapo mjini, walakini Mwarabu Snay bin Amir aliwapokea na kuwasaidia. Barua ile ndiyo iliyokuwa pasipoti yao.

Livingstone hakuwa na bahati hiyo. Aliporudi Ujiji mwaka 1871, mgonjwa na mchovu, alikuta mali aliyoletewa imekwisha kuuzwa na yule aliyekabidhiwa kuitunza. Alikuwa tajiri wa shanga kwa karatasi tu! Mwaka uliofuata alikaa miezi mingi Kwihara, jirani na Tabora, akingoja wapagazi.

Siku hizi karani wa benki humtaka mgeni pasipoti, kibali cha ukaazi, na aghalabu barua ya mwajiri. Kila benki ina orodha yake. Heri kuuliza kabla ya kupanga foleni. Ulaya nako, agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2014 humpa kila akaaye kihalali haki ya akaunti ya kawaida, hata mwomba hifadhi. Kijana wako aliyeko Hamburg alijue hilo.

Lakini asiye na karatasi afanyeje? Waliokimbia mauaji ya Burundi mwaka 1972 walipewa ardhi Ulyankulu, mkoani Tabora, na vilevile Katumba na Mishamo. Wakalima, wakazaa, wakazeeka. Zaidi ya 160,000 walikubaliwa kuwa raia wa Tanzania kufikia mwaka 2010, nao walikwisha kuridhia kuukana uraia wa Burundi. Vyeti vyao havikuanza kugawiwa hadi mwaka 2014. Katika miaka ile ya kungoja, mkulima aliyekwisha kuuza tumbaku yake angejiandikisha kuwa nani? Hakuwa na pasipoti ya kule wala cheti cha huku. Sishangai ikiwa noti zililala chini ya godoro.

Walakini mwenye karatasi zake hana udhuru. Fedha iliyomo katika akaunti ya rafiki, machoni pa benki ni mali ya rafiki. Mkigombana, huna risiti. Akifariki, watakaoitwa ni warithi wake, nawe utabaki mlangoni ukieleza habari isiyo na shahidi. Basi mwulize mgeni wako leo jioni kibali chake kinakwisha lini, na kama mwajiri wake yu tayari kumwandikia barua. Huyo wa Muscat mwulize hivyo hivyo, kabla hajalipwa mshahara wa mwezi huu.