Jicho la mtoto liking'aa kwenye picha ya simu, usiifute

Mbulu/Hanang. Mama anampiga mwanaye picha kwa simu, flashi inawaka. Jicho moja linatoka jekundu, jingine linang'aa jeupe kama la paka usiku. Wengi hucheka, wakafuta picha na kupiga nyingine.

Wataalamu wa macho hawacheki. Weupe huo unaweza kuwa dalili ya kwanza ya retinoblastoma, saratani ya retina, yaani tabaka la mishipa ya fahamu lililo nyuma ya jicho.

Huwapata zaidi watoto wa chini ya miaka mitano. Katika nchi tajiri, zaidi ya watoto 95 kati ya 100 hupona kwa sababu huwahi. Kwetu wengi hufika hospitali jicho limeshavimba na kutokeza nje. Hapo vita si ya kuokoa jicho tena, ni ya kuokoa uhai.

Si laana, ni jeni

Mtoto akiugua hivi, maneno huanza: karogwa, au ukoo wa mama una mkosi. Sayansi inasema tofauti.

Kila seli ina nakala mbili za jeni iitwayo RB1, inayofanya kazi kama breki ya kuzuia seli kuzaliana hovyo. Mwaka 1971, Alfred Knudson wa Marekani alieleza kuwa saratani hii huanza pale nakala zote mbili zinapoharibika.

Kwa watoto takriban 40 kati ya 100 wenye ugonjwa huu, nakala moja huwa imeharibika tangu mwanzo wa mimba. Waliobaki, hitilafu hutokea ndani ya jicho tu. Saratani ikishika macho yote mawili, karibu mara zote ni ile aina ya kurithika. Lakini hata humo, watoto wengi ndio wa kwanza kwenye ukoo wao. Kwa hiyo hakuna wa kulaumiwa, si mama wala baba.

Ila kuna jambo la kuzingatia. Mzazi mwenye jeni hiyo mbovu anaweza kumrithisha kila mtoto kwa uwezekano wa nusu kwa nusu. Ndiyo maana ndugu wa mgonjwa nao wanatakiwa kupimwa macho mapema, hata kama wanaona vizuri.

Ile ya tumboni

Ipo saratani nyingine ya mishipa ya fahamu, nuroblastoma. Mara nyingi huanzia kwenye tezi iliyo juu ya figo. Tumbo linavimba, mifupa inauma, homa haiishi, na ni rahisi kudhani ni malaria au utapiamlo. Jeni ya MYCN ikijizidisha nakala ndani ya uvimbe, ugonjwa huwa mkali zaidi. Kurithiwa ni kwa nadra sana.

Umbali ndio mtihani

Mbulu ina Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, inayohudumia wananchi tangu 1955. Lakini saratani za watoto huhitaji hospitali kubwa zaidi kama KCMC mjini Moshi au Muhimbili, Dar es Salaam. Muhimbili, kwa ushirikiano na shirika la Tumaini la Maisha, watoto wenye saratani hutibiwa bila malipo.

Matibabu bure, lakini nauli si bure. Kutoka Katesh hadi Moshi ni kupitia Babati na Arusha, na tibakemia haiishi kwa safari moja. Mzazi anaacha shamba, mifugo na watoto wengine nyumbani. Wapo wanaokata tamaa katikati, na wapo wanaokimbia wakisikia jicho litaondolewa. Ukweli ni kwamba kuondoa jicho moja mapema kunaweza kumponya mtoto kabisa. Atawekewa la bandia na kurudi kucheza na wenzake.

Hivyo njia ya gharama nafuu ni kuwahi, na nafasi ipo. Watoto hupelekwa kliniki kuchanjwa surua na rubela wakiwa na miezi 9 na 18. Mhudumu akimulika macho siku hiyo na kumuuliza mama maswali mawili, hakuna safari ya ziada. Hilo linahitaji mafunzo na vifaa hadi kwenye zahanati za vijijini, si hospitalini pekee.

Ufanye nini?

Picha ikionyesha weupe, rudia kwa pembe tofauti. Ukijirudia, au mtoto akianza kengeza, nenda kituo cha afya na picha yako, uombe rufaa kwa daktari wa macho. Usiweke dawa za kienyeji wala kusubiri hadi baada ya mavuno.

Huenda ikawa ni mwanga tu. Huenda ikawa mtoto wa jicho, ambao nao unahitaji kuwahiwa. Na picha nzuri haimaanishi jicho ni zima. Ukiwa na shaka, mpeleke tu.