Minara Imesimama, Wanawake Bado Wako Nje ya Mtandao

Kwa Mtendaji Mkuu,
Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote,
Dodoma.

Ndugu,

Mwezi Mei 2023 ilitiwa saini mikataba ya kujenga minara 758 vijijini, na sitaibeza kazi hiyo. Ninachohoji ni kipimo. Mafanikio yakitangazwa kwa idadi ya minara, hatuambiwi nani anaitumia. Kwa hesabu za GSMA, umoja wa kampuni za simu duniani, za mwaka 2023, ni asilimia 13 tu ya watu wa Afrika kusini mwa Sahara walioishi pasipofikiwa na intaneti ya simu. Asilimia 60 waliishi inapofika, lakini hawakuitumia. Kwa mwaka huo, taasisi hiyo hiyo ilionyesha wanawake wa ukanda huu wakiwa nyuma ya wanaume kwa asilimia 32 katika matumizi hayo. Mnara haubagui. Kinachobagua ni bei ya simu janja mbele ya vipato visivyolingana. Mwenye kitochi hafaidiki na 4G hata mnara ukiwa nyuma ya nyumba yake, ilhali vocha anazonunua ndizo mapato ambayo kampuni za simu hukatia tozo ya Mfuko.

Yupo atakayesema simu janja moja inatosha kaya nzima. Ingetosha kama isingeondoka na mwenyewe asubuhi, na kama mke angeweza kusoma habari za uzazi wa mpango bila kuacha nyayo kwenye simu ya mumewe. Pingamizi zito zaidi linatoka Hazina, kwamba nafuu ilishajaribiwa: simu janja zilisamehewa VAT mwaka 2021, msamaha ukafutwa mwaka uliofuata. Lakini msamaha anaopewa mwagizaji hauna njia ya uhakika ya kumfikia mnunuzi. Ruzuku ya kununulia simu janja ikipitia VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopa, inafika, maana humo wanachama wanajuana, wanadhaminiana na wana siku ya marejesho. Njia hiyo ni afadhali kuliko simu za mkopo zinazojifunga mteja akichelewa kidogo. Na mafunzo ya kutumia simu janja yafanyike hapo hapo kikundini, siku ya kikao, si mjini wilayani.

Naomba basi taarifa yenu ijayo ionyeshe, kwa kila kata yenye mnara mpya, laini ngapi za wanawake na ngapi za wanaume zinatumia data. Usajili kwa namba ya NIDA unaliwezesha hilo. (Hesabu haitanyooka kabisa, kwani kuna wake wanaotumia laini zilizosajiliwa kwa majina ya waume zao, hao nao watafutiwe namna ya kuhesabiwa.) Kata ambako pengo ni kubwa zipewe ruzuku kabla ya mnara wa pili.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mlipa tozo