Chuo kilichovunja timu yake
Timu ya futiboli ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Chicago ilianza mwaka 1892 chini ya kocha Amos Alonzo Stagg, aliyeinoa hadi 1932. Chuo kilikuwa miongoni mwa waasisi wa ligi ya Big Ten mwaka 1896, na msimu wa 1905 timu haikupoteza mechi hata moja. Mahasimu wao Michigan walilala 2-0. Mwaka 1935 Jay Berwanger wa Chicago akawa mchezaji wa kwanza kutwaa tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa futiboli ya vyuo. Hata hivyo, rais wa chuo, Robert Maynard Hutchins, aliamini kwamba michezo iliyogeuzwa biashara huipokonya elimu nafasi yake. Masharti ya masomo yalikuwa makali, vipaji vikaelekea kwingine, na mwaka 1939 Michigan ikawachapa 85-0. Desemba hiyo timu ikavunjwa. Tarehe 2 Desemba 1942, chini ya majukwaa ya uwanja wa chuo uliobaki bila timu, mwanafizikia Enrico Fermi na wenzake waliwasha kinu cha kwanza cha nyuklia, rundo la matofali ya grafiti na urani. Futiboli ilirejea rasmi mwaka 1969, na sasa iko katika daraja la tatu, ambako hakuna ufadhili wa masomo unaotolewa kwa kipaji cha michezo, na darasa hutangulia uwanja, kama inavyostahili.