Paa la Mji Mkongwe si la mtu mmoja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako ili nami nitoe maoni yangu juu ya jambo linalolalamikiwa sana barazani hapa Mji Mkongwe, Unguja, yaani kibali cha kutengeneza paa. Wengi huuliza: nyumba yangu, bati langu, fedha yangu, kwa nini nikaombe ruhusa? Mimi nilikuwa mmoja wao, tena mwenye sauti kubwa. Leo naandika kueleza jinsi nilivyokosea, na pia kuwaomba wahusika mambo machache.

Nyumba yetu ni ya urithi, ya ghorofa mbili, kuta zake za mawe na chokaa. Juu kabisa kuna sakafu ya zamani ya chokaa iliyolazwa juu ya boriti za mikoko, na juu ya sakafu hiyo wazee wetu waliongeza kenchi na mabati ili kuzuia mvua, kama nyumba nyingi za mjini zilivyofanywa. Mabati yakaliwa na kutu. Kila masika tukawa tunatega ndoo. Fundi akanishauri niondoe mabati na kenchi zote, nimwage zege juu ya ile sakafu ya zamani. Alisema nitapata pahala pa kuanika nguo, na pengine baadaye pa kukalisha wageni. Sikupeleka ombi popote. Kazi ilifanywa siku za sikukuu ili watu wasiulize maswali.

Hesabu niliifanya baadaye, wakati haina faida tena. Zege lina uzito wa kilo 2,400 hivi kwa mita moja ya ujazo. Chumba chenye upana wa mita 3 na urefu wa mita 6, ukikimwagia zege la unene wa sentimita 10, umekitwisha zaidi ya tani 4. Uzito huo unaongezwa juu ya sakafu ambayo yenyewe ni nzito, na yote yanabebwa na boriti ambazo vichwa vyake vimezama ndani ya ukuta. Tena saruji haipumui kama chokaa. Chokaa ikilowa hukauka. Lakini maji yakipenya katika ufa wa zege hubaki chini yake yakila boriti taratibu, na wewe uliye juu huoni kitu.

Masika ya kwanza hatukuona hata tone. Nikajisifu. Masika ya pili alikuja bibi wa nyumba ya jirani, ambaye ukuta wetu na wake ni mmoja, akaniambia, "Mwanangu, maji ya paa lako yamehamia chumbani kwangu."

Nilikwenda kutazama. Chokaa ya ukuta ilikuwa imefura na kubanduka. Boriti mbili za dari yake ukizichoma kisu kinaingia kama katika muhogo uliooza. Na chini ya dari ile analala yeye pamoja na wajukuu zake. Niliona haya hata kumtazama usoni. Zege nimelivunja, kenchi na mabati nimerudisha, safari hii kwa kibali. Nimelipa mara mbili, lakini hilo ni langu mwenyewe.

Ndugu Mhariri, Mamlaka ya hifadhi ya Mji Mkongwe ilianzishwa mwaka 1985, sheria ya hifadhi ikatungwa mwaka 1994, na mwaka 2000 mji wetu ukaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Watu wakisikia hayo hudhani masharti yote yamewekwa kwa ajili ya watalii na picha zao. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883, iliporomoka wakati wa matengenezo na watu wawili wakafariki. Sisemi kwamba chanzo kilikuwa paa. Nasema majumba haya yakianguka hayaangukii picha. Vichochoro vyetu ni vyembamba, kuta tunachangia, na maji ya mfereji wangu yakikosa njia yanaishia kwenye ukuta wa mwenzangu.

Kwa hiyo kibali kiwepo, na mafundi wanaofanya kazi za kujificha wachukuliwe hatua pamoja na sisi tuliowaita. Lakini na upande wa pili utusikilize.

Mwananchi anayetaka kuondoa bati bovu na kuweka bati zima mahali palepale, bila kuongeza urefu wala kubadili umbo la paa, asipelekwe njia moja na anayetaka kuongeza ghorofa. Huyu wa bati apewe jibu la haraka, kwani masika hayangoji kikao. Masharti nayo yaandikwe kwa Kiswahili chepesi, ukurasa mmoja, yabandikwe kwa masheha na yasomwe barazani, na yaeleze sababu. Mimi kama ningeambiwa habari ya zege na boriti kabla, nisingemsikiliza yule fundi. Na mwenye hoteli apimwe kwa kipimo kilekile anachopimiwa mjane wa nyumba ya wakfu.

Jambo zito kuliko yote ni vifaa. Masharti ya hifadhi yanapendelea chokaa na boriti, nami sasa nakubali kabisa. Lakini mikoko inalindwa, na ni haki ilindwe, kwa kuwa bila mikoko pwani italiwa na bahari. Basi mtu wa kipato kidogo azipate wapi boriti za halali? Naomba pawepo ghala moja linalojulikana, la boriti zilizokatwa kwa ruhusa na chokaa iliyochomwa vizuri, na mwenye kibali mkononi auziwe kwa bei anayoiweza. Pasipo hivyo watu watarudi kwa saruji usiku, kwa sababu saruji ipo katika kila duka.

Bibi jirani amehamia chumba cha nyuma mpaka dari yake itengenezwe kwa gharama yangu. Fundi anataka boriti 11. Hadi leo ninapoandika nimepata 4.

Mwenye nyumba,
Mji Mkongwe, Zanzibar.