Ndugu Mkurugenzi, Turudishie Makosa ya Wanafunzi Wetu

Kwa Mkurugenzi Mtendaji,
Halmashauri ya Wilaya yetu.

YAH: KUFUNGWA KWA MFUMO WA KUFUNDISHIA NA KUPOTEA KWA KUMBUKUMBU ZA KIDATO CHA NNE

Ndugu Mkurugenzi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Malalamiko haya niliyaandika kwanza kwa kufuata utaratibu. Yalipitia kwa Mkuu wa Shule, yakapita kwa Afisa Elimu Kata, yakafika ofisi ya Elimu Sekondari, na huko yamelala mpaka leo. Nayaandika tena mbele ya watu wote kwa sababu mtihani wa taifa hausubiri majibu ya barua, na kwa sababu yaliyonikuta mimi yamewakuta walimu wengi wa wilaya hii ambao hawana ujasiri wa kusema.

Mfumo ambao ofisi yako ilituagiza tuutumie kufundishia na kupimia wanafunzi ulifungwa siku mwaka wa fedha ulipofungwa. Mkataba na kampuni uliisha Juni 30 na haukuhuishwa. Tuliporudi kutoka likizo ya katikati ya mwaka hakuna mwalimu aliyeweza kuingia. Hatukuandikiwa, hatukupigiwa simu, hatukutangaziwa hata kwenye kikao. Tulikuta tu maandishi mekundu kwenye kioo kwamba akaunti ya taasisi imesitishwa. Ndani ya akaunti hiyo kulikuwa na maandalio yangu ya masomo, maswali niliyotunga kwa miaka, na kazi zote za wanafunzi wangu wa Fizikia tangu wakiwa Kidato cha Pili.

Maandalio nitayaandika upya. Maswali nitayatunga tena usiku, kama walimu tulivyozoea. Bando nililonunua kwa mshahara wangu ili darasa liingie mtandaoni kupitia simu yangu sikulidai wakati ule na silidai leo. Ninachodai ni kimoja: makosa ya wanafunzi wangu.

Nieleze vizuri, maana nilipofika ofisini kwako nilijibiwa kwamba alama zilikuwa zimeshatumwa, hivyo hakuna kilichopotea. Alama zipo, ni kweli. Lakini alama inaniambia kwamba mtoto amekosa. Hainiambii amekosa wapi.

Ninao wanafunzi watatu wenye alama 41, ambao makosa yao bado nayakumbuka. Wa kwanza ukimpa rezista ya ohmu 6 na ya ohmu 3 zilizounganishwa sambamba, anakujibu 9. Anazijumlisha kana kwamba zimefuatana. Wa pili anaijua kanuni ya sambamba. Anachukua moja ya sita, anajumlisha na moja ya tatu, anapata nusu, anaishia hapo na kuandika nusu ohmu. Hajui kwamba bado hatua moja ya kuipindua ile nusu ili apate ohmu 2. Wa tatu umeme anauweza kabisa. Yeye akipewa eneo kwa sentimita za mraba anagawanya vivyo hivyo bila kuligeuza kuwa mita za mraba, basi kila jibu lake la kanieneo linapishana na jibu sahihi mara 10,000. Watoto watatu, alama moja, na kila mmoja anahitaji somo lake. Wa pili ukimkalisha dakika 5 kipindi kimoja tu, umemwokoa. Wa kwanza anahitaji kuanza mada upya. Ukiwapa wote marudio ya aina moja, wawili unawapotezea muda.

Mfumo ule ulikuwa ukitunza kila jibu la kila mtoto, hatua kwa hatua, tangu walipoanza. Hilo lilikuwa jema lake, na nalisema kwa haki. Darasa langu lina watoto zaidi ya 70, na hakuna mwalimu anayeweza kukariri njia ambayo kila mmoja wao hupotelea. Ilikuwa mara ya kwanza katika kazi yangu kufungua ukurasa na kuona kwamba mtoto fulani amerudia kosa lile lile kuanzia Kidato cha Pili. Nilipanga muhula huu wote juu ya kurasa hizo: makundi ya marudio, nani akae na nani, nani aanze na mada ipi. Leo ninazo alama, na makosa yamepotea.

Najua swali litakalofuata: mbona mwalimu hakuweka nakala? Waraka wa ofisi yako ndio uliokataza. Ulisema kumbukumbu zote za wanafunzi zihifadhiwe ndani ya mfumo pekee, na kwamba flashi na madaftari ya pembeni ni hatari kwa usalama wa taarifa. Walimu tulipouliza kwenye semina namna ya kupakua kazi za wanafunzi, mtaalamu wa kampuni alijibu kwamba huduma hiyo imo kwenye kifurushi cha bei ya juu, ambacho halmashauri haikununua. Maofisa wako walikuwepo ukumbini, walilisikia jibu hilo, na semina ikaendelea. Siku ile ndipo makosa ya wanafunzi wangu yalipopotea. Julai tulikuja kuona matokeo tu.

Chanzo cha pili cha hasara hii ni kalenda, na inanisikitisha kwamba mwalimu ndiye anayelazimika kuikumbusha ofisi yako jambo hili. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai na kuisha Juni. Mwaka wa shule huanza Januari, na Kidato cha Nne hufanya mtihani wa taifa Novemba. Mkataba wowote wa kufundishia unaofuata kalenda ya fedha utakatika watoto wakiwa katikati ya mwaka wa masomo, na wa Kidato cha Nne watabaki wakiwa na miezi michache tu mbele yao. Aliyeusaini mkataba ule alikuwa na kalenda zote mbili ukutani. Alitazama moja.

Tena zana nyingine zilikuwepo. Vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022 vilipogawiwa kwa walimu, wengi wetu tulishukuru kwa dhati na tukaanza kazi. Mimi nilikuwa nikitumia PhET, mkusanyiko wa majaribio ya sayansi yaliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, mradi ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Hauna malipo. Ukiupakua mara moja, majaribio yake yanafanya kazi bila intaneti. Mtoto anaunganisha betri, waya na balbu kwenye kioo. Akiunganisha vibaya na mkondo ukazidi, betri inawaka moto mbele ya macho yake, na hakuna kifaa cha shule kilichoungua. Wanafunzi waliokuwa wakiogopa ammita walianza kugombania zamu. Kisha waraka ukaja kwamba zana zote zisizoidhinishwa zisitishwe. Nilipoendelea kuitumia nikaandikiwa barua ya kujieleza. Nikajieleza, nikatii, nikaingia kwenye mfumo wenu, ambao haukufungua hata swali moja bila mtandao. Kipindi kina dakika 40. Mtandao ukisumbua, robo saa imekwisha kabla mtoto hajasoma swali la kwanza.

Ndugu Mkurugenzi, ofisi yako haikuwa ya kwanza duniani kununua zana ya kufundishia, na tahadhari zilishaandikwa. Ripoti ya UNESCO ya ufuatiliaji wa elimu duniani ya mwaka 2023 ilijikita kwenye teknolojia katika elimu, na ilieleza kwamba bidhaa za teknolojia ya elimu hubadilika kwa wastani kila miezi 36. Mwanafunzi wetu wa sekondari hukaa shuleni miaka 4 kabla ya mtihani wake, yaani miezi 48. Kwa hesabu hiyo mtoto anayeingia Kidato cha Kwanza leo atakuta zana aliyoanza nayo imeshabadilika kabla hajamaliza. Kwa hiyo swali la kwanza kabla ya kusaini lilipaswa kuwa hili: siku zana hii ikiondoka, kazi ya mtoto itatokaje humo? Hakuna aliyeliuliza, au liliulizwa na jibu halikumgusa mtu.

Edmodo, zana ya kufundishia mtandaoni, ilikuwa imetumiwa na walimu na wanafunzi wa nchi nyingi. Ilifungwa Septemba 22, 2022, lakini ilitangaza mapema, na walimu wakapewa wiki kadhaa za kutoa kazi zao. Kampuni iliyokuwa inakufa iliwajali walimu ambao haikuwafahamu hata kwa sura. Halmashauri inayolipa mishahara yetu na kuwajua watoto hawa kwa majina, shule na vijiji vyao haikutupa hata siku moja.

Na tukiwa kwenye majina: yako wapi? Majina ya watoto, alama zao na majibu yao yote sasa yanakaa kwenye seva ya kampuni ambayo halmashauri haina tena mkataba nayo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023. Kwa lugha ya sheria hiyo, ofisi yako ni mkusanyaji na kampuni ni mchakataji, na mkusanyaji hawezi kunawa mikono kwa kuwa mchakataji amefunga mlango. Wazazi wa watoto hawa wana haki ya kujibiwa.

Nisiishie kwenye mfumo mmoja, kwa sababu kasoro hii ni ya muda mrefu. Zana za kufundishia katika wilaya yetu huchaguliwa ukumbini, kwenye ukuta mweupe, intaneti ikiwa ya kasi na mzungumzaji akiwa mtu wa mauzo. Darasa la watoto 70 lenye soketi moja halipo ukumbini, wala mwalimu wa somo hayupo. Zana ikishanunuliwa, mwalimu anaitwa kwenye semina ya siku moja kufundishwa vitufe, na baada ya hapo mafanikio yanahesabiwa kwa idadi ya walimu walioingia kwenye mfumo. Nimeona taarifa ya halmashauri inayotaja idadi hiyo kwa fahari. Ndani yake hakuna sentensi inayosema mtoto yeyote amejifunza nini. Miradi inapishana, kila mmoja na uzinduzi wake na fulana zake, na kila mmoja unapoondoka unaondoka na kazi zetu. Kisha matokeo ya Kidato cha Nne yakitoka, anayeitwa kueleza kwa nini Fizikia imeanguka ni mwalimu.

Sasa naomba, na kwa nafasi yangu kama mtumishi na mlipakodi nadai, mambo manne.

Kwanza, ofisi yako iitake kampuni kukabidhi kazi zote za wanafunzi wa Kidato cha Nne, jibu kwa jibu, katika majalada yanayofunguka kwenye programu ya kawaida ya kompyuta. Kama kinachohitajika ni kulipia mwezi mmoja zaidi ili mlango ufunguke, lipieni. Gharama hiyo haiwezi kufikia gharama ya mtoto kurudia mtihani.

Pili, waraka unaokataza zana nyingine uondolewe. Mwalimu aruhusiwe kutumia zana yoyote salama inayofanya kazi bila intaneti, na aruhusiwe kuweka nakala ya kazi za darasa lake. Barua ya kujieleza niliyoandikiwa iondolewe kwenye jalada langu.

Tatu, mkataba wowote mpya ufuate mwaka wa shule. Ueleze bila kificho jinsi walimu watakavyotoa kazi zao, watapewa taarifa muda gani kabla ya kufungwa, na nini kitatokea kwa taarifa za watoto. Kabla ya kusainiwa, zana ijaribiwe muhula mzima katika shule za kata, pamoja na zile ambazo mtandao unapatikana nyuma ya jengo la utawala tu, na walimu wa masomo waandike walichokiona.

Nne, wananchi waambiwe mfumo huu uligharimu kiasi gani, nani aliuchagua na kwa vigezo gani. Ununuzi wa umma una sheria yake, na fedha ni zetu.

Katika haya manne, la kwanza ndilo lisiloweza kusubiri. Majalada hayo yakifika wiki hii, nina muda wa kukaa na yule mtoto wa nusu ohmu, na yule wa ohmu 9, na yule wa mita za mraba, pamoja na wenzao wote, kila mmoja kwa kosa lake. Yakifika Desemba, ofisi yako itaandika kwamba suala limeshughulikiwa, na watoto watakuwa wameshakosa maswali yale yale kwenye chumba cha mtihani, kwa sababu mwalimu wao hakujua awaokoe wapi. Sitakubali matokeo hayo yaandikwe kwa jina langu. Yaandikwe kwa jina la ofisi iliyoambiwa mapema.

Nakala ya barua hii nimewapa wazazi wa wanafunzi wangu na diwani wa kata yetu. Nipo shuleni siku zote za kazi, na niko tayari kuja ofisini kwako siku yoyote utakayoniita kwa ajili ya jambo hili.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa Fizikia,
Shule ya sekondari ya kata.