Vyombo vya Shaba Visisuguliwe kwa Mchanga

Neno sufuria lina asili ya Kiarabu, na mzizi wake ni sufr, yaani shaba. Leo sufuria zetu nyingi ni za alumini. Shaba imebaki katika jina, na katika vyombo vya kale vilivyosalia majumbani Lamu na Mombasa: madele ya kahawa, masinia, mabirika. Ndiyo maana huudhika nionapo vyombo hivyo vikisuguliwa kwa mchanga au waya wa chuma ili ving'ae siku ya arusi. Mchanga hula shaba yenyewe pamoja na nakshi, na nakshi ikishafutika hairudi.

Wazee wetu walitumia ukwaju, au ndimu na chumvi, nao walijua walifanyalo: asidi huyeyusha ule weusi pasipo kukwaruza. Lakini iwe kwa dakika chache tu, kisha chombo kisuuzwe na kukaushwa papo hapo. Shaba ya manjano ikilowekwa usiku kucha hupoteza zinki na kugeuka rangi ya waridi. Aidha, chombo cha kupikia hupakwa bati kwa ndani. Bati likichakaa, kisipikiwe chochote chenye uchachu hadi kipakwe upya, kwani shaba huingia chakulani, na ikizidi ni sumu.

Walimu wenzangu, watumeni wanafunzi kwa nyanya zao wakaandike majina ya vyombo hivi na ya sehemu zake. Mnunuzi wa vyuma vikuukuu hupima kwa kilo, na kwake dele na mfereji uliovunjika ni bei moja.