Neno Moja, Fani Nyingi: Funzo la Thika na Ruiru

Neno "mbuni" likiandikwa ubaoni, mwanafunzi wa Kiswahili hulifafanua kwa wepesi: ni ndege mkubwa asiyeruka, ni mti wa kahawa, tena ni mtu anayebuni jambo. Akifika katika viwanda vya kahawa vya Thika na Ruiru atakutana na mbuni wa nne. Huko, mbuni ni kahawa iliyokaushwa pamoja na ganda lake, nayo huuzwa kwa bei ya chini kuliko ile iliyomenywa na kuoshwa. Mkulima anayeambiwa kwamba mazao yake ni mbuni hafikirii ndege wala mti, anafikiria hasara.

Maneno ya aina hii, ambayo shuleni huitwa vitawe, aghalabu hufunzwa kwa orodha: kaa, paa, panda. Kasoro ya orodha hizo ni kwamba hazisemi neno linatumiwa na nani, wala katika kazi gani. Thika ni mji wa viwanda uliopakana na mashamba ya kahawa na mananasi, na katika eneo la Ruiru ndiko kiliko kituo cha utafiti wa kahawa kilichotoa aina ya Ruiru 11 mwaka 1985. Mahali kama hapo fani huishi jirani, na maneno yake hupigana vikumbo. Kwa fundi wa karakana, chuma ni nomino, na kutu ndiyo adui wa chuma hicho. Kwa kibarua wa shambani, chuma ni kitenzi cha kuvuna matunda mekundu, nayo kutu ni ugonjwa wa majani ya mbuni.

Hata hivyo, maneno haya hayana hatari kubwa, kwa kuwa sarufi inayalinda. Wingi wa mti ni mibuni, wa mtu ni wabuni, na wa ndege ni mbuni vilevile. Upatanisho humwelekeza msomaji. Barabara ya Thika, iliyozinduliwa rasmi mwaka 2012 baada ya kupanuliwa, haichanganywi na kazi iliyofanywa barabara. Katika neno la kwanza shadda huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na katika la pili huangukia ya tatu.

Neno lisilokuwa na ulinzi huo ni "dawa". Kwa muuguzi, dawa ni kitu kinachomezwa au kudungwa ili mgonjwa apone. Kwa kibarua wa kahawa, kupiga dawa ni kunyunyizia kemikali za kuua wadudu na kuvu. Tahajia ni moja, ngeli ni moja, shadda ni ileile. Tena hizi si maana mbili zilizokutana kwa bahati kama chuma na chuma. Ni maana moja iliyopanuka, kwa kuwa mkulima naye anatibu, ila anachotibu ni mti.

Kiunganifu "-a" kinaongeza utata huo. Dawa ya mtoto humponya mtoto. Dawa ya kikohozi huondoa kikohozi. Dawa ya panya humuua panya. Muundo ni uleule, lakini kinachotajwa baada ya kiunganifu mara ni mwenye kuponywa, mara ni mwenye kuangamizwa. Msikilizaji hutambua tofauti kwa sababu anaujua ulimwengu, wala si kwa sababu sarufi imemwambia.

Watakuwapo wataalamu watakaojibu kwamba muktadha unatosha. Hoja hiyo ina nguvu pale tu muktadha unapokuwapo. Shambani, mwenye bomba mgongoni akitaja dawa, hakuna anayefikiria vidonge. Lakini kemikali hiyo ikimiminwa katika chupa ya soda na kupelekwa nyumbani, kibandiko chenye maonyo hubaki kwenye mkebe wa kwanza, na jina linaloandamana na chupa ni "dawa" tu. Mtoto aliyezoea kuambiwa kwamba dawa humezwa apone hana muktadha wa kumwokoa.

Wengine watasema kwamba istilahi ipo tayari, yaani "kiuatilifu". Ni istilahi nzuri, nayo inafaa vitabuni. Tatizo ni kwamba mtu anayenyunyizia kahawa hana desturi ya kuitumia, na istilahi isiyotamkwa na mwenye kazi haimlindi jirani yake. Kiswahili kina neno fupi linaloeleweka na kila mtu, hata mtoto: sumu. Mkulima na aendelee kupiga dawa shambani, kwa kuwa hiyo ni lugha ya kazi yake. Lakini kitu hicho kinapovuka mpaka wa shamba na kuingia dukani, ghalani au nyumbani, kiitwe sumu ya shamba, kwa kinywa na kwa maandishi.

Wanafunzi wa isimu nao wana wajibu hapa. Badala ya kurudia orodha za vitawe zilizorithiwa, yafaa waende karakana za Thika na mashamba ya Ruiru, wakusanye maneno pamoja na kazi zinazoyatumia, na kuonyesha ni yapi yanayolindwa na sarufi na ni yapi yaliyoachwa wazi. Kamusi itakayotokana na kazi hiyo itamfaa mtahiniwa, lakini itamfaa zaidi mama anayepanga vitu rafuni. Wahenga hawakukosea: tahadhari kabla ya hatari.